Gari la Chini na Gari la Juu

Ukikaa ndani ya gari la baba, macho yako yanalingana na matairi ya lori. Unaona nati za magurudumu, visigino vya watu wanaovuka, ndala zilizokatika zikaachwa barabarani. Ukikaa ndani ya kijipu changu unaona vichwa: vilemba, kofia, mabunda ya nguo, na kule mbele mwanya unaoweza kupita. Mwezi wote wa Desemba ule, magari hayo mawili yalilala ubavu kwa ubavu uani kwetu Gerezani, na kila asubuhi nilipita katikati yake nikiwa na beseni la maji ya kumwogesha baba.

Lile la baba ni gari la michezo la zamani, milango miwili, viti viwili, bonati ndefu iliyolala kama ulimi. Rangi yake damu ya mzee, ingawa kwa sasa inakaribia kahawia. Alilipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindu wa Kisutu, mteja wake tangu alipofungua kibanda cha spea. Mzee yule alikuwa anaondoka kuwafuata watoto wake ng'ambo, akasema hawezi kuliacha mikononi mwa mtu atakayelichinja. Kuchinja gari, kwa watu wa Gerezani, ni kulifungua lote na kuliuza kipande kwa kipande. Baba, ambaye maisha yake yote aliyaendesha kwa vipande vya magari yaliyochinjwa, aliapa kuwa hili halitachinjwa. Watoto wa mtaa waliliita Mjusi kwa jinsi lilivyotambaa.

Kijipu nilikinunua Iringa, kwenye mradi uliokuwa unafungwa. Nilikuwa dereva wao. Kabla yao niliwaendesha wapima ardhi Mpanda, na kabla ya hao nilikuwa navusha magari kwenda Lubumbashi. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuzunguka, na mpaka nimefika miaka arobaini na kitu sijawahi kukaa mahali hadi muuza genge akanizoea. Kijipu kilinifaa. Kifupi, cheupe, milango mitatu, kimesimama juu ya magurudumu yake kama mtu aliyepandisha suruali avuke maji. Hakina redio. Hakina hata mahali pa kuweka kikombe. Kina gia ndogo ya pili ambayo ukiivuta, unaweza kupanda ukuta.

Nilikuwa nimekipenda mpaka siku niliyokiingiza uani. Baba alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kushoto umelala mapajani. Kiharusi kilikuwa kimempiga wakati wa kipupwe, na dada yangu mkubwa alinipigia simu mara nyingi kabla sijapata sababu ya kutosha kurudi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Mdomo wake ulifunguka upande mmoja. Alikitazama kijipu muda mrefu. "Huyo mbuzi umemtoa wapi?"

"Iringa. Kinapita kokote, Baba."

"Kitu kinachopita kokote hakina kwao," alisema, na dada, aliyekuwa anaanika shuka, akacheka kwa pua bila kugeuka.

Alichokitaka baba kilikuwa kimoja, na alikuwa amekwisha kumwambia kila aliyemtembelea. Alitaka kwenda nyumbani Desemba. Sisi ni watu wa Kilimanjaro, juu ya Himo, na mji mzima unajua tulivyo. Ikifika katikati ya Desemba maduka ya Kariakoo yanaanza kufungwa moja baada ya jingine, na waliobaki wanatutania kwamba tumeenda kuhesabiwa. Baba hakuwahi kukosa hesabu hiyo, hata mwaka aliofiwa na mama. Lakini mwaka huu alikuwa na sharti: atapanda kwao kwa gari lake. Dada alimwambia kuhusu basi. Akakataa. Shemeji yetu, mume wa dada yetu mwingine, alimtolea nafasi kwenye gari lake, gari la kawaida, laini, lenye kiti cha mbele kinachorudi nyuma. Akakataa hilo pia, na shemeji akapakia familia yake akatangulia.

"Nitaingia kwa gari langu au siingii," baba alisema.

Nilijua sharti lile lilitoka wapi. Nilikuwa na miaka minane au tisa alipolipandisha Mjusi kijijini mara ya kwanza. Mama alikaa mbele ameshika kilemba chake, mimi nikabanwa nyuma ya viti juu ya blanketi lililokunjwa. Lami ilipoisha na mlima ukaanza, gari lilianza kulia kwa chini, jiwe baada ya jiwe, kisha ekzosi ikang'oka na injini ikanguruma bondeni hadi watu wakatoka migombani. Kwenye kona moja ya udongo mwekundu lilikaa kwa tumbo kabisa. Vijana walikuja, wengi, wakashika huku na huku, wakalinyanyua na sisi tukiwa ndani. Walilibeba kona nzima wakiimba. Baba hakushuka. Alikaa wima ndani ya koti lake, mikono miwili kwenye usukani, akikata kona na matairi yako hewani. Mama alikuwa anacheka mpaka analia. Mimi niliona aibu ambayo sasa naitamani.

Kwa hiyo nililishughulikia Mjusi. Sikuwa na imani nalo. Niliinama chini yake nikaona kutu imekula sakafu mpaka unaona mchanga. Lakini injini, ajabu, iliwaka. Fundi jirani yetu alilisikiliza kichwa kikiwa upande, kama mtu anayemsikiliza shangazi yake kwenye simu.

"Mashine nzima," alisema. "Ila klachi imekufa. Pampu yake inavuja. Ukikanyaga, unakanyaga hewa."

"Si litaenda hivyo hivyo, taratibu?"

"Litawaka, bosi. Kuwaka litawaka. Kwenda ni habari nyingine."

Pampu ya klachi ni kidude cha chuma kama ngumi ya mtoto. Niliifungua, nikaifuta mafuta, nikaitia mfukoni nikatoka kwenda kuitafutia mwenzake. Hivyo ndivyo spea inavyotafutwa kwetu. Huendi na jina la gari wala mwaka wake, maana jina halimwambii muuzaji lolote. Unakwenda na kile kilichoharibika mkononi, sampo, na unapita kibanda kwa kibanda ukikiinua. Wanakigeuza, wanakipima kwa vidole, wanakilinganisha na kilichoko rafuni, wanakurudishia. Mawinga, madalali wa mtaani, wanakufuata wakikuambia wanajua mtu.

Nilizunguka Gerezani nikavuka mpaka Kariakoo. Nilizunguka na kijipu siku za kwanza, na hapo ndipo nilipoanza kukichukia. Kilipita kila mahali. Maji ya vuli yalikuwa yamejaa kwenye mashimo, bajaji zimesimama, makarai ya nyanya yako barabarani, na chenyewe kinapanda ukingo, kinashuka, kinapita. Hakuna aliyekigeukia. Hakuna aliyeuliza. Nikakumbuka baba alivyokuwa anashindwa kuvuka makutano ya Msimbazi kwa sababu watu walikuwa wanamzunguka wakitaka kuona ndani, na yeye akikunja uso kama anakereka, na hakuwa anakereka hata kidogo. Miaka ile ghorofa zilikuwa chache na ungeweza kuona anga kutoka ndani ya Mjusi. Sasa ukikaa ndani yake unaona nguzo za zege na magunia.

Kibanda cha mwisho, hapo hapo Gerezani, kilikuwa cha mtu wa kwetu. Wachaga wenye maduka wote mjini wanaitwa Mangi, na huyu alikuwa Mangi kamili, tumbo juu ya kaunta, kalamu sikioni. Aliipokea pampu akainusa.

"Hii ya Mjusi wa mzee."

"Unamjua?"

"Aisee, kuna mtu hapa asiyemjua Mjusi? Mzee anaendeleaje?"

"Anataka kwenda nyumbani nalo."

Mangi aliitazama pampu tena, safari hii kwa heshima. "Kuna mzigo wangu unatolewa bandarini. Spea za magari ya zamani tupu. Niachie sampo."

"Nikuachie?"

"Sasa nitalinganisha na nini? Na sura yako? Niachie, keshokutwa uje."

Nikamwachia. Ndivyo watu wanavyofanya. Mtu akisema niachie sampo maana yake amekukubali, amelichukua tatizo lako likawa lake, na ukikataa umemwambia humwamini. Nilirudi nyumbani na mikono mitupu na moyo mwepesi. Nilimwambia baba tumepata mtu. Alimwambia dada amtolee koti.

Keshokutwa yake mzigo ulikuwa haujatoka. Siku iliyofuata vilevile. Nilipokwenda tena, nikakuta mlango wa chuma umeshushwa na kufuli tatu. Kwenye ngazi alikaa winga akila muhogo.

"Mangi yuko wapi?"

"Mangi kaenda kuhesabiwa."

"Lini?"

"Alfajiri ya jana. Na familia yote, na majiko, na mbuzi wa plastiki wa watoto. Hata mwenyewe kashangaa, kapata lifti ghafla." Alinitazama. "Kwani na wewe si wa huko huko? Mbona hujaenda?"

Nilimpigia Mangi simu. Ilipokelewa katikati ya kelele, watu wakiongea kwa sauti za juu, mtoto akilia, mtu akimuuliza mwingine chumvi iko wapi.

"Aisee!" Mangi alifurahi kunisikia. "Tumeshafika! Mvua huku! Nyie mko wapi, Korogwe?"

"Tuko Gerezani. Pampu yangu."

Nikasikia mlango ukifungwa na kelele zikapungua.

"Sampo yako ipo," alisema polepole. "Iko rafu ya juu, nyuma ya boksi la beringi. Iko salama. Hakuna wa kuigusa."

"Funguo ziko kwa nani?"

"Ninazo mimi. Mfukoni hapa."

Nilisimama pale nikiutazama mlango ule. Kufuli tatu, na nyuma yake kile kidude cha chuma. Nilimsikia Mangi akipumua. Alisema, "Mzee atanisamehe?" na mimi nikakata. Nikapita kwenye mitaa ambayo kila mlango wa tatu ulikuwa umefungwa. Wote walikuwa wamekwenda kule ambako baba yangu alitaka kwenda.

Nilimweleza baba bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akacheka. Hakuwa amecheka tangu niliporudi, na kicheko kilitoka upande mmoja na mate.

"Yaani pampu yangu imebaki Gerezani," alisema, "Mangi ndiye kaenda nyumbani."

"Ndiyo, Baba."

"Imefungiwa."

"Kufuli tatu."

Alifuta mdomo kwa mkono mzima. Alitazama uani, Mjusi akiwa na bonati wazi, kisha kijipu.

"Haya," alisema. "Lete mbuzi wako."

Tuliondoka kesho yake kukipambazuka, maana ilikuwa imebaki siku moja kabla ya Krismasi. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho mtu mzima wa afya hawezi kukijua kuhusu kijipu. Kiko juu. Mguu wa baba haukuweza kupanda. Dada alileta kreti la soda, tukaligeuza likawa ngazi, na mguu haukupanda kreti. Nilimkumbatia kifuani nikamnyanyua kama anavyonyanyuliwa mtoto aliyesinzia. Alikuwa mwepesi mno. Aligeuza uso asinitazame.

Dada alikaa nyuma na mizigo. Tulipita Ubungo, Kimara, Kibaha. Kijipu ni kifupi, springi zake ngumu, na kila tuta la barabarani kinalipanda kwa magurudumu ya mbele, kinalishuka, kisha kinarusha matako. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa nacheka kikinirusha. Baba alikuwa ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukirukaruka mapajani kama si wake. Nilipunguza mwendo mpaka bajaji zikatupita. Mabasi ya kaskazini yalitupita yakiwa yamejaa, honi zinalia, watu wanapunga mikono madirishani kwa furaha ya kwenda kwao.

Tulipofika Mlandizi, baba alisema, "Simama."

Nilisimama kando ya wauza mihogo ya kuchoma. Suruali yake ilikuwa imelowa. Dada aliona, akavua kanga yake ya juu akamfunika.

"Rudi," baba alisema.

"Tupumzike, Baba. Tutaenda polepole, hata tukilala Korogwe."

"Nimesema rudi. Nikifika hivi watanishusha kama gunia."

"Hata mwaka ule walikubeba," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilitaka kumpa moyo.

"Mwaka ule nilikuwa nimeshika usukani," alisema.

Muuza mihogo alikuja dirishani, akaona uso wa baba, akaondoka. Niligeuza gari. Kurudi, matuta yalikuwa yale yale, na safari hii hakuna tulichokuwa tunakiendea.

Siku ya Krismasi Kariakoo ilikuwa na ukimya ambao haupati siku nyingine yoyote. Basi la mwendokasi lilipita karibu tupu. Mifuko ya plastiki ilikuwa inaviringika mahali ambapo kwa kawaida huwezi kuweka mguu. Dada alipika pilau, baba hakula. Baada ya mchana aliniambia nimweke ndani ya Mjusi.

"Upande wangu," alisema, nilipofungua mlango wa abiria.

Kumwingiza kulikuwa rahisi. Gari la chini linakupokea. Unageuza mgongo, unajiachia, unadondoka ndani yake kama kwenye kitanda. Nilimwekea mguu wa kushoto kwenye klachi iliyokufa, naye akaweka mkono wa kulia kwenye usukani. Nilizunguka nikakaa pembeni yake, mahali alipokaa mama. Ngozi ya viti ilinuka vumbi na petroli ya zamani. Aliwasha. Injini ilishika, ikatetemesha kioo, na sauti ile ikajaa uani ikagonga ukuta wa ghorofa jipya la jirani. Nilimwona dada akija mlangoni na mwiko mkononi.

Baba alikanyaga mafuta kidogo, akaachia. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, ambapo mbele hapakuwa na kitu ila ukuta wenye madoa ya maji ya sabuni.

Nilidhani nimeelewa anachotaka. Nikasema, "Tumeshapita Same, Baba. Mlima ule kule mbele."

Aligeuza kichwa akanitazama kama alivyokuwa akimtazama mteja anayemdanganya bei.

"Unaongea na nani?" alisema. "Tuko Gerezani. Zima, mafuta yanaisha."

Nikanyoosha mkono nikazima. Nikashuka nimtoe. Ndipo tukagundua kuwa gari linalokupokea kirahisi halikuachii. Nilivuta, dada akavuta, magoti yake yako juu kuliko kiuno, mgongo hauna pa kushika. Fundi jirani hakuwepo, alikuwa amekwenda kwao. Waliotusaidia ni walinzi wawili wa godauni la upande wa pili, vijana wageni, wakimwambia pole mzee, pole mzee. Baba aliachia usukani mwisho kabisa, kidole kwa kidole.

Mangi alirudi Januari. Alikuja mwenyewe mpaka uani na boksi, jasho linamtoka, amefurahi. Mzigo ulikuwa umetoka bandarini, na ndani yake palikuwa na pampu pacha kabisa. Hakutaka kusikia habari ya malipo. Nilimwonyesha baba pale kitandani. Aliigeuza mkononi, akaipima kwa kidole gumba, akanirudishia.

"Ndiyo yenyewe," alisema, akafumba macho.

Niliifunga. Klachi ilishika. Nilimsogeza Mjusi mbele urefu wa gari moja, nikamrudisha. Baba aliusikia mlio kupitia dirishani, naye hakuniita, wala siku ile wala siku yoyote baadaye.

Alifariki masika. Tulimpeleka nyumbani kwa gari la msiba, jeupe, refu, na mimi nikafuata nyuma na kijipu. Dada alikaa mle ndani pamoja naye. Lami sasa inafika juu zaidi ya zamani, lakini haifiki mpaka kwetu, na kwenye kona ile ya udongo mwekundu gari la msiba liliteleza, likakaa kwa tumbo. Watu walishuka kutoka migombani. Safari hii hawakuligusa gari. Walifungua mlango wa nyuma, wakalitoa jeneza, wakalipandisha mabegani, wakaanza kuimba. Dada alishuka akatembea nao, viatu mkononi.

Mtu mmoja alinigongea kioo. "Utaweza kupita hapo?"

Nilivuta gia ndogo. Kijipu kikaingia kwenye tope, kikashika, kikaanza kupanda nyuma yao taratibu, kiti cha pembeni yangu kitupu. Hakikuteleza hata mara moja. Hapakuhitajika mtu wa kukisukuma.